Hata Awe Mama Yangu Mzazi

Kipaza sauti cha diwani hakikuwa na adabu. Kilifungwa juu ya lango la shule ya msingi, na sauti yake iliruka kuta na kuingia vyumbani mwa watu bila kubisha hodi, hata kwa wagonjwa. Ndiyo maana Mama Pacha, mke wa diwani, hakuwa na haja ya kwenda mkutanoni. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha mama mkwe wake, bakuli la uji mkononi, akimsikiliza mumewe akitoa taarifa kama alivyoitoa kila mwezi.

"Maji," sauti ilisema. "Tuanze na maji, maana najua ndiyo mliyojia. Pampu imeharibika, hilo halifichiki. Lakini kipuri kimeshafika mjini."

"Kipuri hicho hakichoki kufika," alisema mama mkwe, akameza kijiko cha uji.

Mama Pacha alicheka kimyakimya. Mwili wa bibi ulikuwa umekwisha, miguu ilishakataa kazi tangu mvua zilizopita, lakini ulimi wake ulikuwa bado kijana. Huko shuleni mtu aliuliza swali bila kipaza sauti, watu wakaangua kicheko, na diwani akalirudia ili asidhaniwe ameliogopa. "Mzee wangu hapa anasema taa moja tuliyowekewa inawasaidia wezi wasijikwae. Nimelipokea, mzee. Nitalifikisha." Kisha akakohoa, na sauti ikashuka.

"Ndugu zangu, la mwisho ni zito. Makaburi yetu yamejaa. Mmeona wenyewe mvua ilivyofukua ile pembe ya chini. Siku hizi mkichimba kaburi jipya mnamkuta mwenyewe yumo. Halmashauri ya jiji imeamua, nami nimekubali, kuanzia Jumatatu pale pamefungwa. Tumepewa ardhi mpya kule nyuma ya machimbo ya kokoto. Ni mbali, najua. Ni pakavu, najua. Lakini ni petu."

Watu walinung'unika. Mmoja akapaza sauti akiuliza kama na wakubwa watazikwa huko kwenye kokoto, au amri hii ni ya wavaa ndala tu. Diwani alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na ugonjwa wa wasemaji wote: akiona watu wamenuna, hawezi kushuka jukwaani mpaka wacheke au wapige makofi.

"Amri hii haina mkubwa," alisema. "Awe tajiri, awe maskini, hata awe mama yangu mzazi, atakwenda kulekule."

Makofi yakapigwa. Yaliendelea muda, yakaingia dirishani, yakajaa chumba kizima. Mama Pacha alipeleka kijiko kinywani mwa mama mkwe akakuta midomo imefumbwa.

"Mama, umalizie. Kimebaki kidogo."

"Nimeshiba," alisema bibi. "Mwanangu amenilisha."

* * *

Diwani alirudi akiwa na furaha, koti begani. "Mmesikia makofi?" aliuliza kabla hajavua viatu.

"Tumesikia," mkewe alisema. "Wote wawili."

Hapo ndipo alipokumbuka dirisha. Aliingia chumbani kwa mama yake akinyata, mtu mzima na kitambi chake, kama mtoto aliyevunja sahani.

"Karibu, mheshimiwa," alisema mama yake. Cheo hicho alimpa akiwa amekasirika tu. "Keti. Mfano wako ndio mimi hapa."

"Mama, yale ni maneno ya mkutano. Mkutanoni mtu huongea masikio yashibe."

"Yameshiba. Sasa nijibu mimi niliye na njaa. Ubavuni mwa baba yako nilijiachia nafasi. Wachimbaji niliwaomba kwa mdomo wangu, wakasogeza kaburi lililofuata. Kile kipande nimekipalilia kwa jembe langu, mwaka baada ya mwaka, mpaka miguu iliponiangusha. Dada yako anajua, mtaa mzima unajua. Leo nasikia kwenye bomba la bati kwamba nakwenda kwenye kokoto."

"Huendi popote." Diwani alimshika mkono. "Pale ofisi za jiji nina watu wangu. Kibali kitapatikana, tena kwa siri. Ondoa wasiwasi."

"Na hawa waliopiga makofi?"

"Watu husahau, mama."

Bibi alimtazama kwa muda mrefu, macho yake yakitafuta kitu usoni mwa mwanawe. Hatujui kama alikiona. Lakini alitaka sana kulala pale alipopapalilia, na mtu anayetaka kitu sana hapimi anayempa. "Haya," alisema. "Kikipatikana, kipatikane." Jioni ile alikula vizuri, na Mama Pacha alifurahi kwa ajili yake, furaha ya kweli, kwa sababu alimpenda mama mkwe huyu kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Wiki haikupita, kibali kikapatikana. Diwani alikikunja akakiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti.

* * *

Aliyekuja kuharibu utulivu ule alikuwa fundi bati wa mtaa wa pili. Jina lake halisi wengi walishalisahau. Walimwita Makopo, kwa sababu makopo matupu ya watu aliyageuza kuwa faneli za kumiminia mafuta, vibatari na vyombo vya kumwagilia bustani. Alifika asubuhi, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Mkewe alikuwa amefariki alfajiri.

Diwani alikuwa kwenye simu. Alimwonyesha benchi la barazani kwa kidole, akaendelea kuzungumza kuhusu kipuri. Makopo alikaa, mikono juu ya magoti. Mama Pacha alimletea maji ya kunywa, akampa pole, naye akaishika glasi ile bila kuinywa, kama mtu aliyeombwa amshikie mwenzake.

Simu ilipokwisha diwani alitoka, akamshika bega. "Pole sana, fundi. Tumempoteza mtu."

"Nimeshapoa, mheshimiwa. Nimekuja na neno moja dogo. Binti yetu yuko pale makaburi ya zamani, karibu na ukuta. Alikuwa mdogo, hakuchukua nafasi kubwa. Na mama yake ugonjwa umemmaliza, amebaki mwembamba sana. Nimekwenda asubuhi hii na kamba yangu, nimepima. Anaenea. Mimi kazi yangu ni kupima, sikosei. Hatutamgusa mtu wa pembeni."

Diwani alitazama chini. Tuseme haki: ilimuuma. Mkewe, aliyesimama mlangoni, aliona mkono wake ukienda kwenye mfuko wa koti na kurudi.

"Fundi, nikikufungulia wewe mlango, kesho nitamfungia nani? Nilisimama mbele yenu nikasema."

"Nilikuwepo," alisema Makopo. "Nilipiga makofi."

"Basi unanielewa. Lakini gari la kumpeleka nitakupa. La halmashauri, hulipi kitu."

"Sikuja kuomba gari, mheshimiwa." Alinyanyuka, akaiweka glasi benchini, bado imejaa. "Ila nashukuru." Akamshukuru na Mama Pacha, akashuka ngazi, akafunga lango polepole ili lisipige kelele.

Dirisha la chumba cha bibi lilifungukia palepale barazani. Mama Pacha alipoingia, alimkuta mama mkwe wake amegeukia ukutani, na chai yake imepoa mezani.

* * *

Siku kadhaa bibi hakusema neno juu ya jambo lile. Aliuliza habari za wajukuu wake pacha waliokuwa shule ya bweni, aliulizia bei ya sukari, akamlaumu mkwewe kwa kushona mashuka kwa uzi wa rangi isiyolingana. Kisha mchana mmoja, Mama Pacha akimgeuza ili amwoshe mgongo, aliuliza ghafla:

"Mke wa fundi amelazwa wapi?"

"Kule kwenye kokoto, mama."

"Na nani?"

"Peke yake. Ndiye wa kwanza."

Kitambaa kilipita mgongoni, kikachovywa, kikarudi. Nje mtu aligongagonga bati. Labda alikuwa Makopo, labda mwingine.

"Nipelekeni huko," alisema bibi.

Mama Pacha aliacha kuosha. "Mama, usiseme hivyo. Kibali kipo. Na baba je?"

"Mume wangu amelala peke yake miaka yote hii, ameshazoea. Yule mwanamke hajazoea." Alipumzika, maana sentensi ndefu zilikuwa zinamchosha. "Yule bwana kapima kwa kamba, mwanangu. Nimemsikia. Akarudishwa na kamba yake. Halafu mimi nipite mlango uleule aliofungiwa? Nitalalaje pale? Na huyu mume wako alishatumia jina langu akapigiwa makofi. Kitu ukishakiuza hukirudishi nyumbani."

"Mwambie mwenyewe, mama. Tafadhali. Nikisema mimi, wataona nimekufukuza. Mimi ni mkwe tu."

"Akirudi nitamwambia."

Lakini diwani alikuwa kwenye vikao vya baraza la jiji, na usiku alirudi mama yake ameshalala. Mama Pacha angeweza kumwamsha. Angeweza kumwambia mumewe, "Keti hapa mpaka afumbue macho." Hakufanya hivyo, kwa sababu alidhani kesho ipo, na kwa sababu moyoni alitumaini bibi angebadili mawazo. Asubuhi alipoingia na maji ya uvuguvugu, aliita "Mama" mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, mara ya pili kwa kunong'ona, na hakuita tena.

* * *

Wifi yake, dada mkubwa wa diwani, alifika kwa basi la mchana, akaanzia kulia getini. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge katika mji mwingine, mwanamke mkavu, mwenye mkono wa kutoa na ulimi wa kukata. Kwa miaka miwili alikuwa akituma dawa na pesa na blanketi, kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe, na sasa hilo lilikuwa limemkaa kooni. Aliuliza kwa nini shuka ni hili, kwa nini dirisha limefungwa, kwa nini hakupigiwa simu jana. Mama Pacha alijibu kila swali. Alijua kwamba wifi yake alikuwa akiuliza jambo jingine.

Walipopata nafasi, watatu wao wakiwa chumbani na mlango umerudishwa, Mama Pacha alilisema. Alilisema kwa maneno yaleyale ya marehemu, kamba, mlango na yote, bila kupunguza wala kuongeza.

Diwani hakushtuka. Hilo ndilo mkewe hakulisahau baadaye: hakushtuka hata kidogo. Aliketi kwenye kitanda kilichokuwa wazi, akafunika uso kwa viganja.

Dada yake ndiye aliyezungumza. "Mama yangu tangu baba afe amekuwa na wimbo mmoja, azikwe na mumewe. Aliniambia mimi, akamwambia huyu, akamwambia kila aliyepita na masikio. Leo amefumba macho, ndipo tunasikia amebadili. Na aliyesikia ni wewe peke yako."

"Ni mimi niliyekuwepo, wifi."

"Ndiyo, wewe ulikuwepo. Mimi sikuwepo. Hilo umenipiga nalo vizuri." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa hasira. "Ulichoka kumwosha, sawa, mtu huchoka. Lakini usimtupe kwenye machimbo ili mume wako aonekane mtu wa haki kwenye uchaguzi."

Mama Pacha alimgeukia mumewe. Alisubiri aseme jambo, lolote. Mwanaume aliyeweza kuongea saa nzima juu ya kipuri kisichokuwepo aliangalia sakafu.

"Kaburi limeshachimbwa," alisema mwishowe. "Kibali ninacho. Neno hilo lilale humu ndani, mama watoto. Tumzike mama kwa amani."

"Unajua alisema."

"Nimesema lilale."

Likalala. Wifi akaketi kichwani mwa sanduku la marehemu pamoja na shangazi wawili, na Mama Pacha aliposogea kuketi nao akaambiwa kwa upole mkali kwamba glasi huko nyuma hazitoshi, wageni wanakunywa maji kwa zamu. Alikwenda akaziosha. Mikono iliyomuuguza bibi kwa miaka miwili ilikaa ndani ya karai la povu wakati wengine wakimuaga marehemu. Majirani waliokuwa jikoni walimwona, wakajifanya hawajaona, na huo ulikuwa ndio msaada pekee waliokuwa nao.

* * *

Mtaani kwao mfiwa habebi. Vichochoro ni vyembamba, gari haliingii, kwa hiyo marehemu hutoka kwa miguu juu ya mabega ya majirani, na mfiwa hufuata nyuma mikono mitupu. Ndivyo ilivyokuwa tangu mtaa uwe mtaa. Kesho yake mchana, waliotangulia chini ya sanduku walikuwa muuza mkaa, kinyozi, mlinzi wa shule na wengine watatu, na wa mwisho upande wa kushoto alikuwa Makopo. Hakuna aliyemwita. Alikuja, akaweka bega.

Barabara ya makaburini hufika mahali ikagawanyika. Kushoto ni makaburi ya zamani, hatua chache tu, ukuta wake unaonekana. Kulia ni njia ya vumbi inayoelekea machimboni. Wabebaji walipofika hapo walisimama. Waliinama wote kwa pamoja, taratibu, wakaliweka sanduku chini juu ya khanga iliyotandikwa haraka, wakanyooka na kujipangusa jasho.

Watu wa nyuma walidhani wanapokezana. Hakuna aliyepokea.

"Kuna nini?" aliuliza diwani.

Muuza mkaa alikuwa mkubwa wao kwa umri. Alivua kofia. "Mheshimiwa, sisi na mama hatuna ugomvi. Alikuwa mama yetu. Ila huko kushoto pamefungwa. Ulitutangazia mwenyewe."

Diwani aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti. "Kuna kibali maalumu. Kimetoka jijini, kina muhuri."

"Hatujasema huna kibali," alisema muuza mkaa. "Unacho. Lakini mabega ni yetu."

Hakukuwa na kelele. Laiti pangekuwa na kelele, diwani angejua la kufanya, maana kelele alizizoea. Watu walisimama tu juani, wake kwa waume, wakimsubiri, na wengine waliangalia pembeni kwa kumwonea haya. Wifi alisukuma watu akaja mbele. "Mnamweka mama yangu chini? Barabarani?" Alijaribu kushika mkono wa sanduku peke yake, likasogea kidogo tu, akauachia.

Makopo ndiye aliyeuliza. Aliuliza bila ukali, kama anavyomuuliza mteja ukubwa wa pipa. "Mama mwenyewe alisemaje?"

"Alisema azikwe na mumewe," wifi alijibu. "Kila mtu anajua."

"Hilo tunalijua, dada. Namuuliza mheshimiwa. Mwisho wake alisemaje?"

Diwani aligeuza shingo akamtafuta mkewe. Alikuwa nyuma, katikati ya wanawake waliotoka jikoni, mikono bado ina mikunjo ya maji. Mama Pacha alikutana na macho yake na hakusema kitu. Aliambiwa neno lilale, akalilaza. Kama kuna wa kuliamsha, si yeye. Walitazamana hivyo, mume na mke, juu ya vichwa vya watu, na diwani ndiye aliyeshusha macho wa kwanza.

"Alisema apelekwe kule," diwani alisema. Sauti haikufika mbali, ikabidi arudie, naye hakuwa na kipaza sauti cha kumsaidia. "Kule kwenye kokoto. Alisema mke wa fundi hajazoea kulala peke yake. Alimwambia mke wangu, na mke wangu akatuambia, nikamnyamazisha. Nilijua ni kweli. Maneno ya mama nayajua."

Makopo aliinama kwanza. Wengine wakafuata. Sanduku lilipanda, likageuka, na watu wakageuka pamoja nalo kuelekea kulia, vumbi likianza kunyanyuka miguuni. Diwani alifuata nyuma, mikono mitupu.

Wifi hakusogea. "Nendeni," alisema, na hakuna aliyejua anamwambia nani. "Mimi nakwenda kumwambia baba." Akashika njia ya kushoto, peke yake.

Mama Pacha alisimama katikati ya njia mbili. Mama mkwe wake alikuwa akienda kulia, na alistahili kwenda naye. Nani alistahili zaidi? Lakini marehemu alikuwa na mtaa mzima nyuma yake, na yule wa kushoto hakuwa na mtu. Alivuta pumzi, akajifunga khanga vizuri, akashika njia ya kushoto.

* * *

Alimkuta wifi yake ameketi chini, viatu kavua, kati ya kaburi la baba yake na shimo lililochimbwa jana. Udongo ulikuwa bado na unyevu. Kipande kile kilikuwa safi, hakina jani, hata baada ya miezi yote ambayo bibi hakuweza kufika. Mama Pacha ndiye aliyekuja kukipalilia kila alipopata upenyo, lakini hilo hakulisema.

Aliketi kando yake.

"Nimemwambia," alisema wifi. "Nimemwambia mama haji." Alichukua bonge la udongo akalivunjavunja kwa vidole. "Alisema kweli?"

"Alisema, wifi."

"Siku ile ulikuwa unafanya nini?"

"Namwosha mgongo."

Wifi aliitikia kwa kichwa, kama aliyethibitishiwa kitu. Kwa mbali, upande wa machimbo, ulianza kusikika wimbo wa mazishi, watu wakiimba kwa sauti ya chini. Alisikiliza mpaka ubeti ukaisha.

"Mimi nilikuwa nije mwezi uliopita," alisema. "Mzigo ukachelewa bandarini, nikasema mwezi ujao." Udongo ulikuwa umekwisha mkononi. "Alimtaja mke wa fundi. Akamtaja baba, akamtaja na ndugu yangu. Mimi je? Hakunitaja?"

Mama Pacha aliukumbuka mchana ule wote, neno kwa neno: kitambaa, maji, bati lililogongwa nje, kifua cha bibi kikitafuta pumzi. Alipita humo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hakulikuta jina lile. Halikuwemo. Katika nyumba ile hakuwahi kusema jambo ambalo halikuwepo, na kwa hilo jana aliitwa mwongo.

"Alikutaja," alisema.

Wifi aligeuka, uso umelowa. "Alisemaje?"

"Alisema, 'Binti yangu atakasirika. Mwacheni akasirike, ana haki. Yule ndiye aliyenifunika nisisikie baridi.' Alikuwa ameshika lile blanketi lako."

Wifi aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa bega la mke wa ndugu yake, akalia kama hakuwahi kulia tangu ashuke kwenye basi. Mama Pacha alimshika mgongo, akaupapasa kwa kiganja kizima, polepole, kama alivyozoea kumpapasa bibi.

"Haya sasa ndiyo maneno ya mama," wifi alisema kilio kilipopungua. "Haya nayajua. Mtu hawezi kuyatunga."

"Hawezi," alisema Mama Pacha.